Mbwa Tuliyeachiwa

Katika mji wetu wa Lubumbashi, mbwa hubadili wenyewe mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mgeni aliyekuja kwa kandarasi ya machimbo humaliza miaka yake miwili au mitatu, hufunga masanduku, hupanda ndege, na mbwa hubaki langoni. Mjane huuza nyumba na kwenda kukaa kwa mwanawe huko Likasi, mahali pasipo na nafasi ya mnyama. Wengine hushindwa tu kumlisha. Ndipo mbwa mzima, mwenye miaka mitatu au minne, mwenye mazoea na hofu zake, hukabidhiwa jamaa, au yule mlinzi wa usiku tunayemwita zamu, naye humleta mtaani akiwa na kamba shingoni. Kila anayempokea huwaza jambo moja: tumepata ulinzi wa bure. Mwezi mmoja ukipita, huanza kuulizia namna ya kumwondoa.

Ndugu wasomaji, tumeulizwa habari hizi mara nyingi kiasi cha kuona inafaa tuziandike. Sisi ni walimu kwa kazi, si waganga wa wanyama. Tunayoyasema tumeyapata kwa kusoma, kwa kumsumbua mganga wa mifugo wa mtaa kwa maswali, na zaidi kwa kuishi na mnyama mmoja kwa muda wa miaka minne sasa. Mnyama huyo alitufikia akiitwa Rex, kama nusu ya mbwa wa mji huu. Mama wa nyumba yetu alimtazama alivyojibana chini ya mkokoteni, mkia umeingia katikati ya miguu, akasema neno moja tu: «Tutaona.» Jina likawa hilo. Jirani zetu wana mbwa aitwaye Watasema. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

Siku tatu za kwanza Tutaona hakula mbele ya mtu. Bukari na vichwa vya kapenta tulivyomwekea jioni vilitoweka usiku, wakati wote tumelala. Watoto walimsifu kuwa mbwa mpole. Hapo ndipo wengi hupotea, maana upole wa siku za kwanza mara nyingi si upole. Ni woga uliomfunga mnyama kinywa na miguu. Wazoefu wa kazi hii hukadiria siku tatu za kupigwa na bumbuwazi, majuma matatu ya kuanza kujifunza taratibu za nyumba, na miezi mitatu kabla mnyama hajajiona yuko kwake. Si sheria, kuna anayehitaji mwaka mzima. Lakini makadirio hayo yanasaidia kwa jambo moja: anayetarajia tabia halisi ijitokeze katika juma la tatu hataiita usaliti itakapojitokeza.

Nayo ikajitokeza. Alitafuna viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto. Alichimba bustani ya lengalenga. Alikojoa katika chumba cha wageni, mahali pale pale, kila asubuhi. Alimbwekea kila mwanamume aliyevaa buti, na hasa aliyeshika ufagio au fimbo, kwa sauti ya mnyama anayepigania roho yake. Mtu akipita karibu na bakuli lake alikaza mwili wote kama ubao, akaacha kutafuna, akatazama kwa pembe ya jicho, weupe wa jicho ukionekana. Jambo moja lililotutia wasiwasi kuliko yote hayo ni kwamba hakunguruma hata mara moja.

Kijana aliyekuwa zamu katika nyumba alikotoka mbwa huyo ndiye aliyetufumbua macho. Alituambia kwamba kule kulikuwa na desturi: mbwa akinguruma, anapigwa kwa mpini wa ufagio mpaka anyamaze. Mwenye nyumba hakupenda wageni wake watishwe. Mbwa alijifunza vema alichofundishwa. Hakuacha kuogopa, aliacha kusema kwamba anaogopa.

Tunaomba msomaji akae hapa kidogo pamoja nasi, kwa kuwa jambo hili ndilo kiini. Mngurumo si utovu wa adabu. Ni onyo, na onyo ni huruma ya mnyama: anakupa nafasi ya kurudi nyuma kabla hajatumia meno. Kabla ya mngurumo kuna ishara nyingine ndogo zaidi, ambazo watu wengi hawazisomi: mbwa hupiga miayo bila usingizi, hulamba pua, hugeuza kichwa pembeni, hujikunyata, hukaza mwili. Hata mkia unaotikiswa si lazima uwe furaha. Mkia ulioinuliwa juu, mgumu, unaotikisika upesi, ni habari nyingine kabisa. Anayempiga mbwa kwa sababu ya kunguruma anaondoa kengele na kuuacha moto. Sisi tuliosimama mbele ya madarasa tunawajua watoto wa namna hiyo. Kuna mtoto anayezomewa kila anaposema «sijaelewa», mpaka siku moja anaacha kusema. Mwalimu hufurahia utulivu wa darasa, na mtihani wa mwisho wa mwaka ndio unaouma.

Yaliyotokea yalitokea Jumamosi ya mwezi wa tano. Mgeni mmoja alipotoka aliliacha lango wazi bila mtu wa nyumba kujua, na mtoto wa jirani, mvulana wa miaka tisa, akaingia na ndoo kuchota maji kisimani kama wanavyofanya watoto wote wa barabara yetu. Njia ya kisima inapita nyuma ya jiko. Mbwa alikuwa anakula. Hakubweka, hakunguruma. Alimuuma mtoto kwenye ndama ya mguu, mara moja, akarudi chini ya mkokoteni akitetemeka.

Tuseme wazi kile kinachopaswa kufanywa saa hiyo, maana katika mitaa yetu bado watu hupaka mafuta ya gari, majivu au unga wa majani juu ya jeraha. Jeraha la meno ya mbwa huoshwa mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni, muda wa dakika 15 kamili, kwa saa mkononi. Dakika hizo huonekana ndefu mtoto akilia, lakini sabuni huiharibu virusi ya kichaa cha mbwa na maji huiondoa. Kisha kituo cha afya, siku hiyo hiyo, kwa ajili ya chanjo, ambayo hutolewa kwa sindano kadhaa kwa tarehe zilizopangwa, na hakuna tarehe ya kurukwa. Louis Pasteur alimchanja mvulana aliyeumwa na mbwa mjini Paris mwaka 1885. Tangu hapo binadamu ana kinga. Lakini dalili zikishaanza kuonekana, ugonjwa huo karibu kila mara huua. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vipatavyo 59,000 kwa mwaka, vingi katika Afrika na Asia, na karibu vyote vinatokana na mbwa. Kati ya wanaokufa, wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Ni wao wanaocheza na mbwa, ni wao wanaotumwa maji, na ni wao wanaoficha jeraha kwa kuogopa kupigwa nyumbani.

Kituo cha kwanza hakikuwa na dawa. Tuliipata katika kituo cha pili, jioni, na gharama zote zikawa juu ya nyumba yetu, kama ilivyo haki. Tuliporudi, wanaume wa barabara walikuwa wamekusanyika mbele ya lango na mapanga mawili.

Hatuwalaumu. Mtu anayeona damu ya mtoto na kuuliza habari za mbwa kwa upole, huyo ndiye wa kutiliwa shaka. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alituambia: «Mwalimu, mbwa aliyeonja damu haponi. Mtoe sasa, kesho usitusumbue.» Mama wa mtoto hakusema kitu; alikuwa ameketi juu ya jiwe akimshika mwanawe.

Tukawajibu kwa neno tulilopewa na mganga wa mifugo kwa simu. Cheti cha mbwa kilikuwa na chanjo, lakini ya zamani, iliyokwisha muda wake. Mbwa mwenye kichaa hutoa virusi katika mate siku chache tu kabla ya kuonyesha dalili, kisha hufa upesi. Kwa hiyo mbwa aliyeuma hufungiwa na kutazamwa siku 10. Akiwa hai na mzima siku ya 10, mate yake hayakuwa na ugonjwa siku ile alipouma. Akiuawa leo na kutupwa shimoni, hakuna atakayejua lolote, na mama huyu atahesabu siku bila mwisho. «Mzee wetu,» tulisema, «tunaomba siku 10 kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili ya mbwa. Baada ya hapo tutakaa tena.» Mzee alifikiri kwa muda mrefu. Akasema sawa, ila kibanda kiwe na kufuli, na ufunguo ukae kwake.

Katika siku zile 10 tuliona jambo ambalo hatukulitazamia. Kila alfajiri, kabla ya kwenda sokoni, mama wa mtoto alikuja kusimama penye ukuta mfupi na kuchungulia kibandani. Alikuwa na kila sababu ya kumchukia mnyama yule, lakini hakuna mtu mjini aliyetamani kuliko yeye kwamba mbwa awe hai. Siku ya kwanza alitazama tu. Siku ya nne aliuliza: «Amekula?» Siku ya saba mbwa aliinuka alipomwona, akatikisa mkia chini chini, na mama yule akasema, bila kutugeukia, «Wewe, kunywa maji yako.» Siku ya 10 mzee alileta ufunguo. Mtoto aliendelea na sindano zake hadi ya mwisho, kwa agizo la mganga.

Ndipo baraza la nyumba likakaa. Mama wa nyumba alitaka mbwa aondoke, na sababu yake ilikuwa na uzito kuliko za wengine wote: tuna mjukuu wa miaka mitano. Wavulana walitaka abaki kwa ajili ya wezi. Kwa upande wetu tunaamini kwamba mtoto ni mbele ya mbwa daima, na kwamba kuna mbwa wasiofaa kukaa katika nyumba yenye watoto. Huyo hupelekwa kwa mtu mzima anayeishi peke yake na anayeelezwa ukweli wote, au humalizwa bila mateso kwa mkono wa mganga. Kumtupa barabarani, au kumpa mtu mwingine huku ukificha kwamba aliuma, ni kumhamishia mwenzako jeraha. Tulikubaliana muda wa miezi mitatu kwa masharti ya mama: mtoto na mbwa wasibaki kamwe wawili bila mtu mzima, hata dakika moja; lango liwe na komeo la juu; mbwa ale ndani ya kibanda kilichofungwa. Masharti hayo matatu yalizuia hatari kubwa kabla mbwa hajajifunza chochote. Watu hukimbilia mafunzo na kusahau komeo.

Mafunzo yenyewe ni kazi ya uvumilivu tu, haina siri. Katika shule ya ualimu tulikariri habari za Ivan Pavlov, Mrusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake wa umeng'enyaji wa chakula, aliyeona mbwa wakidondosha mate kwa ishara ya chakula kabla ya chakula chenyewe. Tulimwandika katika karatasi za mtihani, na hakuna aliyetuambia kwamba siku moja atatufaa kwa mbwa halisi. Tutaona alikuwa amejifunza kwamba mtu akikaribia bakuli, bakuli huondoka. Ilibidi ajifunze kinyume chake. Kila jioni mmoja wetu alipita mbali na kibanda, kwa umbali ambao mbwa hakukaza mwili, akarusha kichwa cha kapenta, akaenda zake. Hakusimama, hakumtazama, hakunyosha mkono. Baada ya siku kadhaa, hatua moja karibu zaidi. Mbwa akikaza mwili, tunarudi hatua mbili. Ilichukua majuma sita mpaka akawa anainua kichwa toka bakulini kwa matumaini anaposikia nyayo. Mpaka leo hatutii mkono bakulini mwake, hakuna haja. Nani kati yetu anapenda mtu aje kuingiza vidole katika sahani yake ili kupima upole wake?

Mkojo wa chumba cha wageni ulikwisha upesi. Mbwa alitolewa nje alipoamka, baada ya kula na kabla ya kulala, akasifiwa papo hapo alipofanya haja mahali pake, na chumba kikaoshwa kwa siki ili harufu isimwite tena. Zamani tuliwaona wazee wakimsugua mbwa pua katika uchafu wake. Mbwa haunganishi adhabu na kosa la saa iliyopita. Huiunganisha na mtu anayempa, na wakati anaopewa. «Lakini anajua amekosa,» watu husema, «tazama uso wake!» Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York aliipima kauli hiyo. Wenye mbwa waliambiwa kwamba mbwa wao amekula kilichokatazwa, wakati mwingine ni kweli, wakati mwingine siyo. Ule uso wa hatia ulionekana zaidi pale mwenye mbwa alipokaripia, wala haukutegemea kama mbwa alikula au hakula. Mbwa husoma hasira yetu, na kwa kuinamisha kichwa hutuomba tupoe.

Minyororo hatukuitumia. Mbwa anayefungwa mahali pamoja mchana kutwa hana njia ya kukimbia kinachomtisha, na asiye na njia ya kukimbia hubaki na njia moja. Badala yake tulimtembeza kwa kamba alfajiri, kabla ya pikipiki kuamka, tukimwacha anuse kila jiwe alilotaka. Vijana walituchekea: «Mwalimu anatembezwa na mbwa!» Huenda. Lakini nusu saa ya kunusa humchosha mbwa vizuri kuliko kubweka mchana mzima, na viatu vya mguu wa kushoto vikapona.

Mvua ndizo zilizotupa kazi ngumu. Anayeijua Katanga anajua radi zake kuanzia mwezi wa kumi na moja: bati hutetemeka na mbingu hupasuka. Usiku wa radi ya kwanza Tutaona aliuparua mlango mpaka kucha zikatoka damu. Wengine walitushauri tusimbembeleze, eti tutamfundisha woga. Mganga wa mifugo alicheka. Woga si ujanja wa kupata biskuti. Mtu hamfundishi mtoto kuogopa kwa kumshika mkono. Tulimpangia pembe katika ghala, kati ya magunia ya makala, mahali pasipo dirisha, tukatandika koti kuukuu lenye harufu ya watu wa nyumba. Wingu likijikusanya huenda mwenyewe, hata kabla sisi hatujasikia chochote.

Tunajua wako watakaosema kwamba katika nchi yenye njaa na vita ni aibu kujadili hofu za mbwa. Hoja hiyo hatuidharau. Lakini mbwa hao wamo tayari ndani ya nyua zetu, na meno yao yamo katika miguu ya watoto wetu, siyo ya watoto wa mbali. Tena mbwa si mgeni kwetu. Wawindaji wa misitu ya Kongo walikuwa na mbwa wao wadogo wasiobweka, wakiwafunga kengele za mti shingoni ili wasipotee majanini. Katika miaka ya 1930 Waingereza waliwachukua na kuwalea, na leo wanajulikana duniani kwa jina la basenji. Na katika Kitabu cha Tobiti, kijana Tobia anapoondoka kwenda safari, mbwa wake anamfuata, na wanaporudi mbwa yumo. Hakuna anayemweleza. Yumo tu.

Miezi mitatu ilipokwisha baraza likakaa tena. Mama wa nyumba hakutoa hotuba. Alisema kwamba kibanda kinahitaji bati jipya kabla ya mvua. Chanjo ya mbwa sasa inarudiwa kila mwaka, na mzee yule wa ufunguo amewachanja wake wawili vile vile, baada ya kubishana kwanza juu ya bei.

Si kila kitu kimenyooka. Wanaume wenye buti bado hubwekewa, na wakija tunamtangulizia kibandani. Mvulana aliyeumwa, sasa ana miaka 13, hachoti maji kwetu. Hupita upande wa pili wa barabara, na hatujamwomba apite upande huu. Mama yake huingia. Mwezi uliopita alikuja kuazima kinu, akapita karibu na kibanda wakati wa chakula. Tutaona alikaza shingo, kisha akanguruma, chini kabisa, mngurumo wa kwanza tuliousikia kwake katika miaka yote minne. Mama akasimama, akarudi nyuma hatua mbili, akazunguka upande wa kisima na kinu chake kichwani.